Katoni Ishirini na Mbili na Jogoo Mmoja

Jina la Kiguunjia, yaani kiguu na njia, Hussein hakupewa na mama yake. Alipewa na mji wa Kilosa, na Kilosa haikosei inapompachika mtu jina. Ukimkuta ameketi, ujue kalazimishwa. Mguu wake wa kulia ulicheza hata akiwa kwenye kiti cha kinyozi, ndiyo maana kinyozi wake alikuwa jasiri kuliko askari wengi wenye bunduki.

Lakini wiki ile ya Mei, mwaka tisini na tisa, hata waliomzoea walimwonea huruma. Alifungua duka, akalifunga, akalifungua tena. Alikwenda stesheni kutazama treni ambayo haikumletea mgeni wala mzigo, akarudi amekunja uso kama treni ndiyo iliyomkosea. Akahesabu katoni za sabuni kuanzia kushoto, akaona hazitoshi. Akazihesabu kuanzia kulia, labda zitaongezeka.

Kisa kilianza Jumatatu, alipoingia dukani binti mmoja mwenye begi la ngozi na viatu vya kufunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sabuni, khanga, biskuti, bei ya jumla na ya rejareja, chagua roho inapopenda."

"Naitwa Sesilia. Natoka ofisi ya kodi, Morogoro. Nimekuja kukagua vitabu."

Mguu ukaanza.

Sasa wewe unayesoma usianze kucheka na kusema, aha, mwizi kakamatwa. Hussein hakuwa mkwepaji. Alikuwa mtu wa majivuno, na hayo ni maradhi mengine kabisa. Huyu ni mtoto wa Kisagara aliyeanza kwa kuuza machungwa kwenye madirisha ya treni, anakimbia sambamba na behewa huku akirudisha chenji, na hakuna abiria aliyewahi kuondoka bila chenji yake. Enzi za maduka ya ushirika alibeba magunia ya watu. Ilipokuja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, Hussein akahamia kwenye mitumba, kutoka mitumba akaingia kwenye sabuni, na kufika miaka ya tisini alikuwa na duka la jumla lenye milango miwili ya chuma. Maduka ya rejareja kuanzia Kimamba mpaka Mikumi yalikuwa yakinyonya kwake kama ndama.

Kisha mwaka tisini na nane, mwezi wa saba, ikaja Vati, kodi ya ongezeko la thamani. Ile kodi ya mauzo ya zamani iliishia huko viwandani na bandarini. Wenye maduka waliisikia kama ngoma ya kijiji cha pili. Hii mpya ikaingia mpaka kaunta. Mwenye mauzo makubwa ajisajili, aandike risiti, atoze asilimia ishirini, aipeleke serikalini kila mwezi. Wenzake Hussein walijificha nyuma ya magunia yao. Yeye alipanda basi kwenda Morogoro akajisajili mwenyewe, akarudi na cheti, akakiwekea fremu ya kioo, akakitundika ukutani kando ya picha ya mama yake. Mteja akinunua hata kiberiti lazima aonyeshwe vyote viwili.

"Cheti nimekiona," alisema Sesilia. "Na huyu bibi ni nani?"

"Mama yangu. Marehemu."

"Pole sana, mzee. Sasa tuanze na sabuni."

Binti alihesabu siku nzima. Hakuwa na haraka, wala hakunywa soda aliyopewa. Aliilipia kwanza, akadai risiti, ndipo akanywa. Jioni alifunga daftari.

"Mzee, katoni ishirini na mbili hazionekani. Kumi na nane za sabuni, nne za biskuti. Ulizinunua Dar, risiti ziko hapa. Kodi uliyolipa ulipozinunua ulishaidai ukarudishiwa. Dukani hazipo, na kwenye risiti zako za mauzo hazipo. Zimekwenda wapi?"

Hussein akavuta pumzi, akasema kwa fahari, kama anayetangaza harusi:

"Zilichukuliwa na watani."

Sesilia akamtazama.

"Watani," akarudia. "Walizinunua?"

"Mtani ananunua, mwanangu? Walichukua tu. Kwenye arobaini ya mama."

"Sikiliza, mzee. Wewe mwenye duka ni mpagazi. Kodi si yako; mwenye mzigo ni yule mlaji wa mwisho. Wewe unaupokea kwake, unaubeba, unaufikisha. Mpagazi akifika kambini mzigo haupo, akasema umechukuliwa na watani, mkuu wa msafara afanyeje?"

Jibu la Hussein lilikuwa mguu tu.

"Ijumaa saa nne narudi," alisema Sesilia. "Niletee ushahidi kwamba mali ile haikuuzwa. Ukikosa, nitaandika kuwa umeuza bila risiti. Utalipa kodi yake na faini juu, na duka litafungwa mpaka umalize. Na mzee, usinielewe vibaya. Kila duka ninalokagua mali imechukuliwa na mtu. Mwingine panya, mwingine shemeji. Wewe ndiye wa kwanza wa watani."

Akaondoka. Hussein akabaki akitazama ile milango miwili ya chuma, akaiona tayari ina kufuli lisilo lake. Miaka thelathini ya kukimbiza behewa, ikafungwe na katoni za sabuni!

Ni lazima niseme kilichotokea kwenye arobaini, maana hapo ndipo mdomo ulipokiponza kichwa.

Wasagara na watu wa Unyamwezini ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na Wasukuma walipoanza kuingia na ng'ombe wao mabondeni Kilosa, nao walijihesabu humo humo. Mtani ana haki yake. Msibani ataingia amevaa gunia, atamwiga marehemu anavyokohoa, atalala njiani jeneza lisipite, na akiona kitu chako atakichukua. Wewe unakikomboa. Unampa kidogo, kuku, shilingi kadhaa, anakirudisha, watu wanacheka, na msiba unakuwa mwepesi kubebeka.

Siku ya hitima ya mama yake Hussein, kiongozi wa watani alikuwa Shilinde, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto. Aliingia stoo na vijana wake, wakabeba katoni ishirini na mbili, wakazipanga uani mbele ya wageni wote.

"Wewe Msagara, mtumwa wangu!" Shilinde alinguruma. "Mama yako nilikuwa namdai ugoro. Nimechukua mali yake. Ukiitaka, nikomboe kwa jogoo mmoja mwekundu."

Jogoo mmoja. Jogoo mwenyewe alikuwa pale pale, anapekua taka. Mtu mwenye akili za kawaida angemshika, angempa, mambo yakaisha. Lakini uani palikuwa na wafanyabiashara kutoka Mikumi, palikuwa na shehe, palikuwa na kila mtu aliyewahi kumwona Hussein akikimbia na machungwa. Majivuno yakampanda.

"Jogoo?" alisema. "Mimi, Hussein, mali ya mama yangu niikomboe kwa jogoo? Chukueni zote! Kaogeni! Nyumba hii haifilisiki kwa sabuni!"

Watu wakashangilia. Shilinde hakushangilia. Aliinamisha kichwa kidogo, akawaashiria vijana wake, wakabeba, wakaenda. Na kwa miezi minane Hussein alijisifu kwamba nusu ya wilaya imeoga kwa jina la mama yake.

Basi Jumanne asubuhi Hussein alipanda Landrova ya abiria kumtafuta Shilinde. Mara ya mwisho alisikia kwamba anaishi Ulaya. Si ile yenu ya ndege, hii ya kwetu, kijiji cha njiani kwenda Mikumi, ambacho watu hufika bila pasi wakarudi wamejaa vumbi. Alikaa pembezoni, mguu ukampiga abiria mwenzake mpaka yule bwana akahamia juu ya magunia. Ulaya akaambiwa Shilinde alihama tangu kabla ya masika, malisho yalikwisha.

"Alihama na vitu gani?" aliuliza Hussein.

"Ng'ombe, wake zake, na mizigo mingi kashonea magunia," alisema mwenyeji. "Hakuruhusu mtu aiguse."

Hussein hakusikiliza. Alikuwa tayari anasimamisha lori.

Jumatano ikamkuta Mikumi, kwenye duka la Agnesi, mwanamke mwenye kibanda kando ya barabara kuu na ulimi uliochongwa kwa kisu. Agnesi alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Mwezi uliopita tu alikuwa amemwomba Hussein amuuzie bila risiti ili bei ipungue, na Hussein alikuwa amemwonyesha cheti.

"Leo bwana cheti kaja mwenyewe!" alisema Agnesi. "Kaa, babu wee, unanitoboa sakafu."

"Sikai. Umemwona Shilinde?"

Akamweleza yote, akizunguka kibanda kama kuku anayetafuta pa kutagia. Agnesi alisikiliza huku anapima sukari.

"Kwa hiyo mimi niliyetaka kununua kwako bila risiti nilikataliwa," alisema, "na waliochukua bila kununua walipigiwa makofi. Mimi duka langu dogo, sijafika kiwango cha kusajiliwa, simtozi mtu Vati. Lakini kila katoni ninayotoa kwako nimeshatozwa, nimeinamisha kichwa nimelipa. Biskuti za bure nimezilipia mimi, au nini?"

"Agnesi, dada yangu, nisaidie."

"Shilinde yuko Kidodi. Kalima miwa karibu na mto Ruaha. Juzi alipita hapa kununua chumvi. Nikamwambia nunua na sabuni, akasema sabuni ninayo lakini si yangu. Nikadhani ni utani wake."

Hata hili lilimpita Hussein sikioni likaenda zake. Mtu asiyetulia huweza kupita juu ya hela yake mwenyewe.

Alhamisi alifika Kidodi juu ya lori tupu lililokuwa likirudi kufuata miwa. Shilinde alikuwa uani kwake anakata kamba. Hakusimama.

"Loo! Mtumwa wangu kaja! Umekonda. Ulizaliwa na nyama kidogo na hiyo nayo umeitembeza."

"Shilinde, leo sina utani. Nina matatizo."

"Msagara asiye na utani ni maiti. Nikuchimbie?"

Hussein akamwambia habari za Sesilia, za vitabu, za Ijumaa saa nne. Shilinde akaacha kamba. Akaiangalia mikono ya mtani wake, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Umekuja na nini mkononi?"

Hussein akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti za elfu kumi kumi, nyingi. "Chukua. Nauli, na asante yako. Uje tu useme ukweli."

Uso wa Shilinde ukafunga kama duka siku ya Idi.

"Rudisha pesa zako. Mara ya kwanza ulinitupia mali kama mbwa, leo unanitupia noti. Ijumaa nitakuja. Nitasema nitakachosema. Sasa ondoka, unanitia kizunguzungu."

Safari ya kurudi Hussein hakumbuki alivyoifanya. Alijua kitu kimoja tu: watani hawasemi ukweli mbele za watu. Ukimuuliza mtani kama wewe ni mrefu, atasema ni mfupi. Ukimuuliza kama u hai, atasema tulikuzika juzi. Na huyo ndiye shahidi wake wa pekee.

Ijumaa saa nne kasoro robo Sesilia alishafika, amefungua daftari juu ya kaunta. Hussein alikuwa amefagia duka mara tatu. Saa nne kamili pikapu iliyofunikwa turubai ikasimama mlangoni, akashuka Shilinde amevaa koti jeusi kama la kwenda kortini, bila soksi.

"Shikamoo, mzee," alisema Sesilia.

"Marahaba, binti yangu. Umefika kwa mchawi, pole."

"Mzee, nina swali moja. Mwezi wa tisa mwaka jana ulichukua katoni ishirini na mbili kutoka duka hili. Ulizichukuaje?"

Shilinde akamgeukia Hussein, akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakapata hewa.

"Aliniuzia!"

Hussein akashika kaunta.

"Huyu?" Shilinde aliendelea. "Binti yangu, huyu hawezi kumpa mtu bure hata mafua. Aliniuzia, tena mbele ya shehe!"

Kalamu ya Sesilia ilikuwa inakimbia. Mguu wa Hussein peke yake ndio uliokuwa unaongea. Aliiona milango yake miwili, aliiona fremu ikishushwa ukutani, na picha ya mama ikibaki peke yake.

"Kwa bei gani?" aliuliza Sesilia bila kuinua kichwa.

"Jogoo mmoja mwekundu."

"Ulimlipa jogoo?"

"Mimi nimlipe? Jogoo alitakiwa atoe yeye!"

Kalamu ikasimama. Sesilia akainua kichwa polepole.

"Ngoja, mzee. Muuzaji ndiye amlipe mnunuzi?"

"Ndiyo biashara yetu na huyu mtumwa wangu. Akanikatalia jogoo, akanitangaza omba omba mbele ya watu. Basi mimi nikabaki na mali ambayo si yangu wala si yake. Miezi minane, binti yangu! Nimehama nayo Ulaya, nimehama nayo Kidodi, mvua inanyesha nafunika sabuni kwanza, wake zangu baadaye."

Hapo ndipo Hussein alipokumbuka ile mikono yake iliyotazamwa Kidodi. Akakumbuka magunia yaliyoshonwa. Akakumbuka yale maneno ya sabuni ninayo lakini si yangu. Yote yalimjia kwa pamoja, kama abiria wanaoshuka behewa moja.

Alitoka mlango wa nyuma. Dukani wakasikia kishindo, ndoo ikaanguka, kuku wakapiga kelele, mtu akatukana, kishindo tena. Jogoo mwekundu wa miezi minane iliyopita alikuwa ameshakuwa mzee mwenye mbio na ujuzi wa uwanja ule, na Hussein alikuwa na miaka hamsini na sita. Lakini huyu ni mtu aliyekimbiza treni. Alirudi na manyoya kichwani, kanzu imechanika, jogoo kwapani.

Akapiga goti. Mbele ya binti wa serikali, mbele ya wateja wawili waliokuja kununua kiberiti, Hussein Kiguunjia akapiga goti.

"Mtani wangu," alisema. "Naikomboa mali ya mama yangu. Nilikosa. Pokea jogoo wako."

Shilinde alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Mama yako alikuwa akinipa ugoro kila gulio, wala hakunihesabia," alisema. "Pumzika, mama." Kisha akapiga kelele kuelekea pikapu: "Teremsheni mizigo ya huyu kichaa!"

Turubai likavutwa. Katoni zikaingia moja moja, zimeshonewa magunia, na magunia yalipokatwa, zile karatasi za gundi za kiwandani zilikuwa hazijaguswa. Sabuni ilikuwa imekauka, imekonda kuliko mwenyewe, lakini namba zilikuwa zile zile za kwenye risiti za Dar. Sesilia alizilinganisha zote, kidole kwa kidole.

"Mzee Shilinde, mbona hukutumia hata moja?"

"Babu zangu walikuwa wapagazi. Mpagazi hali mzigo wa mtu."

Sesilia akamtazama, akatazama daftari lake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Akaendelea kuhesabu. Sabuni kumi na nane. Biskuti moja, mbili, tatu.

"Ya nne?"

Shilinde akakohoa. Akamtazama jogoo.

"Ya nne iliingiliwa na panya. Panya wa miguu miwili. Wajukuu."

"Basi," alisema Sesilia, akiandika, "hizi ishirini na moja hazikuuzwa, ni mali ya duka, zirudi kwenye kitabu. Duka halifungwi. Lakini katoni moja ya biskuti imeliwa. Mzee Hussein, ulishadai kodi yake ukarudishiwa ulipoinunua. Ukiitoa bure, wewe mwenyewe ndiye mlaji wa mwisho. Utailipia Vati."

"Mimi?" Hussein aliruka. "Sikuonja hata ganda! Mlaji ni huyu hapa!"

"Lipa, mtumwa wangu," alisema Shilinde. "Nimekula kwa jina la mama yako."

Hussein akalipa. Alilipa haraka kuliko alivyowahi kulipa kitu, akadai risiti, akaisoma mara mbili, akaipachika kwenye fremu chini ya cheti. Kisha akatafuta pa kukaa, akakuta katoni ya sabuni, akaketi juu yake. Wateja wawili wa kiberiti walitazamana. Mguu ulikuwa umetulia.

Shilinde alikuwa ameshafika mlangoni, jogoo kwapani, Sesilia alipoinua kalamu tena.

"Mzee Hussein, samahani. Huyo jogoo ni mali ya duka au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani, mama!" alijibu Hussein, na mguu ukaanza upya.